Ndugu wa Mbali na Wakwe wa Karibu: Uhakiki wa Filamu ya About Schmidt

Utangulizi

Ndugu msomaji, tunaanza kwa neno ambalo kila anayefungua jarida hili hulikuta mapema na kulipita bila kulitazama. Neno hilo ni ndugu. Tunaliandika juu ya barua za mwaliko, tunalitamka tunapofungua mikutano, na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hulitumia kabla hajaelewa kwa nini tunasema "ndugu yangu anakuja" wala hatusemi "ndugu wangu". Katika muhula uliopita tulitazama pamoja na wanafunzi wa mwaka wa pili filamu ambayo ndani yake neno hili linasikika tangu mwanzo hadi mwisho, tena kinywani mwa mzee wa Kimarekani asiyejua kwamba ni neno. Yeye anadhani ni jina la mtoto.

Filamu hiyo ni About Schmidt, iliyotolewa mwaka 2002. Iliongozwa na Alexander Payne, aliyeandika muswada wake pamoja na Jim Taylor. Chanzo chake ni riwaya ya Louis Begley ya mwaka 1996, lakini uhusiano huo ni wa mbali: katika riwaya, Schmidt ni mwanasheria mstaafu wa New York, na wala hakuna safari ya gari-nyumba wala barua za kwenda Tanzania. Hayo mawili yameongezwa na watunzi wa filamu, nayo ndiyo yanayotuhusu. Jack Nicholson, aliyeigiza nafasi ya Schmidt, alituzwa Golden Globe kwa kazi hiyo.

Wahakiki wengi wameijadili filamu hii kama kisa cha uzee na kustaafu. Hatupingi. Hata hivyo, makala haya yanakusudia kuitazama kama kisa cha mtu anayesafiri kwenda kupokea jamaa wapya, na kuuliza neno letu ndugu linafanya kazi gani katika safari hiyo.

Kisa kwa ufupi

Warren Schmidt ana umri wa miaka 66. Amestaafu katika kampuni ya bima mjini Omaha, jimbo la Nebraska, ambako kazi yake ilikuwa kukadiria kwa hesabu watu wataishi muda gani. Akiwa nyumbani hana la kufanya, anaona tangazo katika televisheni na kujiandikisha kumfadhili mtoto wa Tanzania kwa dola 22 kwa mwezi. Mtoto huyo ni yatima wa miaka sita, na jina lake katika karatasi ni Ndugu Umbo. Shirika linamwomba mfadhili aambatishe barua ya kujitambulisha. Schmidt anakaa mezani, anaandika, na yanayomtoka yanamshangaza yeye mwenyewe.

Muda mfupi baadaye mkewe, Helen, anafariki ghafla. Kisha mjane huyu anagundua barua za zamani zinazoonyesha kwamba mkewe aliwahi kuwa na uhusiano na rafiki yake mkubwa. Binti yao wa pekee, Jeannie, anaishi Denver na anakaribia kuolewa na Randall Hertzel, muuzaji wa magodoro ya maji ambaye pia anavutia watu katika biashara ya namna ya upatu. Schmidt hamtaki.

Wakati Helen yu hai walikuwa wamenunua gari aina ya Winnebago Adventurer lenye urefu wa futi 35. Ndani lina kitanda, jiko na choo. Ndiyo maana katika makala haya tunaliita gari-nyumba. Lilikusudiwa kuwatembeza wawili wakati wa uzee. Sasa Schmidt analipanda peke yake, anaelekea Denver kuizuia ndoa. Anampigia binti yake simu akiwa njiani, naye Jeannie anamwambia asije mapema. Asubiri mpaka harusi ikaribie. Basi mzee anazunguka. Anatazama vivutio vya kando ya njia, anafika kwa wakwe, anahudhuria harusi, anatoa hotuba, anarudi Omaha. Nyumbani anakuta barua kutoka Tanzania.

Ndugu na umbo lake

Darasa lilicheka jina la mtoto lilipotajwa kwa mara ya kwanza. Tuliwaacha wacheke, kisha tukawauliza wanacheka nini. Mmoja alijibu kwamba ni sawa na mtu kuitwa "Bwana Sura". Jibu hilo halikuwa mbali na ukweli. Katika Kiswahili, ndugu ni neno la ujamaa wa damu, na Tanzania tangu enzi za TANU limekuwa pia neno la heshima la kumwita mwananchi mwenzako bila kutazama cheo chake. Umbo ni sura ya nje ya kitu, yaani jinsi kilivyo kwa macho kabla hujakijua. Filamu inamweka mtoto huyu karibu na mji wa Mbeya, eneo ambalo majina mengi ya ukoo ya Wanyakyusa huanza na Mwa-. Jina Ndugu Umbo halitoki huko. Limetoka katika orodha ya maneno.

Tungeweza kuishia hapo, tukaandika kwamba Hollywood imekosea Kiswahili, tukafunga makala. Uhakiki wa namna hiyo ni rahisi, nasi walimu wa lugha tunaupenda kupita kiasi. Lakini maandishi yakishatoka hujisemea yenyewe, na jina hili, liwe limekusudiwa au limeokotwa, linasema jambo zito. Mtoto ambaye Schmidt anamwandikia ni umbo tupu. Hana sauti wala mahali. Ana picha moja tu iliyotumwa kwa posta. Ndani ya umbo hilo mzee anamimina yote aliyoshindwa kuwaambia watu wa nyumbani kwake: chuki dhidi ya kijana aliyerithi ofisi yake, kero za mke wa miaka 42, hofu ya kifo. Mtoto wa miaka sita anaelezwa mambo ya pensheni! Na kila barua inapoanza, sikio la Mswahili linasikia "Ndugu mpendwa", yaani mwanzo wa barua yoyote ya kiofisi ya Tanzania. Schmidt anamwita mtoto jamaa yake wa damu mara nyingi kuliko anavyomwita binti yake kwa upendo, naye hajui.

Tuongeze jambo moja kuhusu majina. Gari lake nalo lina jina lisilojulikana kwake. Winnebago ni jina la watu wa asili ya Marekani, na sehemu ya watu hao wana hifadhi yao katika jimbo lilelile la Nebraska analotoka Schmidt. Katika safari yake mzee anakutana na mtu wa asili, na anamwandikia Ndugu kwamba watu hao walidhulumiwa. Kisha anapanda gari lenye jina lao na kuendelea na safari. Mtindo wa filamu nzima ni huo: mtu amezungukwa na majina ya watu, na watu wenyewe hawaoni.

Vivutio vya kando ya njia

Sehemu ya katikati ya filamu ndiyo iliyowachosha wanafunzi wetu. Mzee anaendesha gari, anasimama, anatazama kitu, anaendelea. Anafika Holdrege kuiona nyumba aliyozaliwa na kukuta duka la matairi. Anatembelea chuo kikuu alichosoma huko Kansas na kukaa na vijana wasio na haja naye. Anatazama mkusanyo wa vichwa vya mishale. Anatembelea nyumba ya Buffalo Bill. Wanafunzi waliuliza: fundo liko wapi?

Jibu letu ni kwamba fundo liko palepale. Wahenga walisema tembea uone, lakini hawakusema kila atembeaye huona. Sote tumewaona wageni wanaosimama Kayabwe, njia ya Masaka, wakapiga picha wakiwa wameweka mguu mmoja kila upande wa mstari wa Ikweta, kisha wakaondoka. Hakuna ubaya katika jambo hilo. Lakini Schmidt hatembei kwa kuwa anapenda kutembea. Anatembea kwa kuwa amekatazwa kufika. Kila kivutio ni siku moja aliyoambiwa na mwanawe akae mbali. Mwongozaji anatuonyesha jumba la makumbusho tunapopaswa kuona mlango wa binti uliofungwa.

Hapa ndipo mtindo wa barua unapofanya kazi yake vizuri zaidi. Tunamsikia Schmidt akimsimulia Ndugu kwamba safari ni nzuri na mambo yanakwenda sawa, huku macho yetu yanaona mzee mpweke amekaa ndani ya gari kubwa kupita haja yake. Kinaya hiki kati ya sauti na picha ni somo zuri kwa wanafunzi wanaodhani kuwa msimulizi wa nafsi ya kwanza husema kweli daima.

Katika kambi moja ya magari-nyumba, mume na mke wasiomjua wanamkaribisha chakula cha jioni. Mume anapotoka kidogo, mke anamwambia kwa upole kwamba anaona ndani yake huzuni na upweke. Schmidt, ambaye hajaambiwa neno la namna hiyo kwa miaka mingi, anambusu. Anafukuzwa. Tunakitaja kisa hiki kwa sababu kinaonyesha ugonjwa wake wazi: akikaribishwa kindugu hajui afanye nini. Ukarimu wa wageni una adabu zake, naye hakujifunza.

Wakwe wapya

Hatimaye anafika Denver, nyumbani kwa Roberta, mama yake Randall, iliyoigizwa kwa ustadi mkubwa na Kathy Bates. Roberta anasema kila linalomjia. Anagombana na mume aliyeachana naye mbele ya mgeni, tena mezani. Schmidt analazwa juu ya godoro la maji, na asubuhi shingo yake haigeuki. Baadaye Roberta anaingia pamoja naye katika beseni la maji moto lililo nje ya nyumba, akiwa hana nguo. Mzee anakimbilia gari lake na kulala humo.

Darasa lilishtuka zaidi kuliko Schmidt. Kwetu ujamaa wa ukwe una mipaka yake. Kwa Baganda, kwa mfano, mwanamume na mama mkwe wake hawagusani, na maneno kati yao hupimwa. Kwa hiyo wanafunzi wengi walimhukumu Roberta papo hapo kuwa mtu asiye na haya, na wakamwona Schmidt kuwa mwenye haki.

Tunaomba hukumu hiyo iangaliwe upya. Filamu imetuonyesha, kabla ya beseni, jambo ambalo darasa lililisahau. Shingo ya Schmidt ilipokataa kugeuka, Roberta ndiye aliyempa dawa ya maumivu na kumlisha supu kwa kijiko. Katika safari yote hakuna mwingine aliyemtunza kwa mkono wake. Wahenga walisema undugu ni kufaana, si kufanana. Roberta hafanani na Schmidt kwa lolote, lakini alimfaa. Mzee aliyemwandikia mtoto asiyemjua kurasa nyingi hakuona kwamba ndugu alikuwa ameketi kando ya kitanda ameshika bakuli.

Hotuba ya harusi ndiyo kilele. Tumeandaliwa tangu mwanzo kutazamia kwamba atasimama na kuipinga ndoa. Anasimama, anasitasita, uso wake unaonyesha uchungu. Kisha anaanza kushukuru. Anamshukuru Roberta kwa ukarimu wake, anawasifu jamaa wa bwana harusi mmoja mmoja, anasema amefurahi. Wengi huiona hotuba hii kuwa ni kushindwa: mtu mwoga amekosa ujasiri wa kusema kweli, akakimbilia maneno ya mazoea.

Sisi tunaona kinyume. Hayo ni maneno ya kwanza katika filamu nzima ambayo Schmidt anayatoa kwa faida ya mtu mwingine. Kweli yake ingemfaa nani siku ile? Walimu wa Kiswahili tunalijua jambo hili kutokana na somo la maamkizi. Kila mwaka wanafunzi wetu, hata waliolelewa katika maamkizi marefu ya Kiganda, hutuuliza kwa nini mtu aliyefiwa akiulizwa habari za nyumbani ajibu kwanza "nzuri", ndipo aongeze "ila tuna msiba". Huo si uongo? Tunawajibu kwamba "nzuri" ile si taarifa ya habari. Ni mlango unaofunguliwa ili msiba upate pa kupitia. Maneno ya mazoea ndiyo yanayobeba uhusiano, mradi nyuma yake awepo mtu. Siku ya harusi, nyuma ya maneno ya Schmidt alikuwepo baba.

Barua na jibu lake

Akirudi nyumbani, Schmidt anasimama Kearney katika jumba la makumbusho lililojengwa mfano wa daraja juu ya barabara kuu. Anasoma habari za watu waliovuka nchi ile zamani kwa mikokoteni, na anamwandikia Ndugu kwamba maisha yake yeye hayakumfaa mtu yeyote. Akifika Omaha anakuta barua ya mtawa anayemlea mtoto. Mtawa anaeleza kwamba Ndugu hajui kusoma wala kuandika, lakini barua zote zimefika, naye amemchorea mfadhili wake picha. Picha inaonyesha watu wawili, mkubwa na mdogo, wameshikana mikono chini ya jua. Schmidt analia, na filamu inakwisha.

Taa zilipowashwa, darasa lilikuwa kimya. Mwanafunzi mmoja, ambaye hatutamtaja jina, aliinua mkono. Alisema kwamba yeye alisomeshwa tangu shule ya msingi na mfadhili wa ng'ambo ambaye hawajawahi kuonana. "Mwalimu," alisema, "picha ile tuliichora sote. Tulikaa chini ya mwembe, tukagawiwa karatasi, tukaambiwa mchore jua, mchore nyumba, mjichore mmeshikana mkono na mfadhili. Barua ziliandikwa ubaoni, nasi tukanakili."

Kama makala haya yangemalizika hapo, tungekuwa na hukumu tayari: machozi ya Schmidt yamemwagika juu ya kazi ya ubaoni. Na kwa kweli hapa ndipo penye udhaifu mkubwa wa filamu. Payne, ambaye ana macho makali kwa kila mtu wa Nebraska na Denver, anayafumba akifika Mbeya. Mtoto hasikiki. Hata jibu lake linaletwa kwa Kiingereza na mtawa mwenye jina la Kifaransa. Katika filamu inayotaja ndugu tangu mwanzo hadi mwisho, hakuna Mswahili hata mmoja anayefungua kinywa.

Tulilinganisha na riwaya ya Mariama Bâ ambayo wanafunzi wameisoma kwa Kiswahili, Barua Ndefu Kama Hii. Humo pia mjane anaandika barua akiwa katika majonzi, na humo pia mume alikuwa amemvunja moyo mkewe. Lakini Ramatoulaye anamwandikia Aissatou, mtu mzima mwenye historia yake, aliyepitia mateso kama hayo na kuamua njia tofauti. Hata gari limo: Aissatou ndiye aliyemnunulia rafiki yake gari alipoona anahangaika na usafiri wa umma. Kati yao hakuna damu, lakini kufaana kumo. Barua ya Ramatoulaye ina mtu upande wa pili. Barua za Schmidt zina umbo.

Hata hivyo mwanafunzi wetu hakuwa amemaliza. Tulimuuliza kama aliyoyanakili ubaoni yalikuwa uongo. Alifikiri, akasema: "Maneno yalikuwa ya mwalimu. Lakini usiku nilikuwa namwombea kweli. Na nilikuwa nangoja barua yake. Aliandika mara mbili tu."

Jibu hilo limetusumbua tangu siku ile, nalo ndilo lililotufanya tuandike makala haya. Limetulazimisha kuutazama upya mwisho wa filamu. Pengine mtoto wa Mbeya naye alichora alichoambiwa, na bado alikuwa akimngoja mtu. Tofauti kati ya mazoea matupu na undugu haiko katika maneno wala katika mchoro. Iko katika kama kuna mtu aliyesimama nyuma yake, na kama upande wa pili yupo wa kupokea. Kwa hili Schmidt ana deni ambalo machozi hayalipi. Filamu inamwacha akilia na picha mkononi. Haituonyeshi kama alichukua kalamu na, kwa mara ya kwanza, kumuuliza mtoto: wewe hujambo?

Hitimisho

Tunaipendekeza filamu hii kwa walimu wa fasihi wa vyuo na wa madarasa ya juu ya sekondari, wakikumbuka kwamba tukio la beseni linahitaji watazamaji watu wazima. Inafaa kufundishia mtindo wa barua, kinaya, na usimulizi wa nafsi ya kwanza. Zoezi tulilolijaribu ni hili: kila mwanafunzi aandike kwa Kiswahili barua moja kutoka kwa Ndugu kwenda kwa Schmidt, lakini ampe kwanza mtoto huyo jina lake halisi, la baba yake na la kijiji chake. Barua tulizopokea zilitofautiana sana. Baadhi zilishukuru, baadhi zililaumu, na moja iliuliza tu kama gari lile kubwa lina nafasi ya mtu wa pili. Mwanafunzi tuliyemtaja aliandika yake kwa mkono, akaikunja, akaomba asiisome mbele ya darasa. Tulimkubalia.

Kuhusu neno tulilolianza nalo, hatuna pendekezo la kuliacha. Tutaendelea kuandika "Ndugu msomaji" kila toleo, kwa kuwa ndiyo desturi na desturi ina kazi yake. Ila tunaomba, ukiwa na la kusema juu ya makala haya, utuandikie. Sanduku la Idara liko palepale karibu na mlango, na barua zinazotumbukizwa humo tunazisoma zote.